Drusilla wa Mosocho na Kiumbe Kisicho na Pua

"Nileteeni chochote kilichoota kwenye udongo wa Kisii! Kifungeni ndani ya gunia, gunia ndani ya gunia lingine, nami nitawaambia kimetoka wapi, kinaumwa nini, na aliyekibeba alikula nini asubuhi!"

Maneno hayo Drusilla Nyanchera aliyatoa siku ya soko pale Mosocho, akiwa amesimama juu ya kreti iliyopinduliwa, mbele ya wachuuzi wa ndizi, mbele ya waumini wenzake wawili watatu waliojifanya hawamjui, na mbele ya shemeji yake, Sylvanus Machogu, ambaye alitamani asingekuwa shemeji yake. Kilichomchokoza ni mikungu ya ndizi za kuiva iliyoshushwa kutoka kwenye lori lililopitia Keroka. Zilikuwa za manjano mno, utadhani zimepakwa rangi ya mlango. Mwenye ndizi, kijana mmoja aliyevaa kofia ya timu ya ng'ambo, alikuwa anaapa kwamba zimeivia ndani ya majani ya mgomba, polepole, kama za nyanya yake. Drusilla akazisogelea, akavuta pumzi mara moja, akakunja uso.

"Hizi zimepigwa dawa ya kuivishia," akasema. "Zililazwa kwenye magunia ya mbolea. Na wewe, baba, umekula njugu, ukavuta sigara juu yake, na mswaki hukuuona."

Watu wakaangua kicheko. Kijana akapeleka mkono mfukoni bila kupenda, na pale pale ncha ya karatasi ya njugu ikachungulia. Siku hiyo alirudi na mikungu yake karibu yote, na Mosocho ikampa Drusilla jina jipya: Mama Pua. Mtu mwingine angelikasirikia. Yeye alilipokea kama anayepokea uchifu.

Kipaji chenyewe alizaliwa nacho huko Sironga, upande wa Nyamira. Akiwa msichana mdogo aliweza kusimama kwenye njia ya kwenda mtoni akasema nyumba ipi inapika nini, nani ameunguza maharagwe, na wapi wamechinja kuku kisha wakaficha manyoya. Kipaji hicho kilimletea milo mingi na viboko kadhaa. Alipoolewa Mosocho, alihama nacho kama wengine wanavyohama na cherehani. Akaanza kuuza ndizi za kuiva, na hakuna aliyewahi kununua kwake ndizi iliyooza ndani, kwa sababu yenye nia ya kuoza yeye aliijua ingali juu ya mgomba.

Hata Samsam, mama wa Kisomali anayeuza udi na manukato Kisii mjini, humwita kila anapopata mzigo mpya.

"Dada Drusilla, nusa hii. Ni ya kweli au wamenichanganyia?"

"Wamekuchanganyia."

"Wallahi?"

"Nusu ni udi. Nusu nyingine ni maji ya kuoshea chupa."

Mtu akisikilizwa hivyo hadi na wenye kuuza harufu, si ajabu akaanza kuamini kwamba duniani hakuna kitu kinachompita puani. Drusilla aliamini. Na imani hiyo nusura imnyang'anye shamba.

Shamba lenyewe ni kipande cha bondeni, karibu na kijito, alichoachiwa mumewe alipofariki. Katika Kisii ya leo, ambako ardhi imegawanywa hadi ng'ombe akijigeuza tu amevuka mpaka, kipande hicho kilikuwa mali ya kuringia. Mkubwa wa familia alikuwa Sylvanus, kaka ya marehemu, na makubaliano yao yalikuwa mepesi: maadamu kinalimwa na kinatoa, ni cha Drusilla. Kikilala bure, kinarudi kwa Sylvanus. Na Sylvanus alikwisha kutangaza zamani atakachokipanda: mikaratusi. Mikaratusi haina palizi, haina dawa, unaipanda na kwenda kukaa kivulini kungoja wanunuzi wa nguzo. Lakini inakunywa maji kama harusi nzima, na chini yake hakuna mboga inayoota tena. Drusilla alijua kwamba siku miche hiyo itakapoingia ardhini, yeye na kipande chake wameagana.

Akapanda nyanya. Msimu wa kwanza zilizaa mpaka majirani wakaanza kumsalimia kwa majina yake yote mawili. Msimu uliofuata, mambo yakageuka. Mche uliokuwa umesimama wima asubuhi, mchana ulikuwa umelegea, majani yangali mabichi kabisa, hayana doa wala manjano. Jioni unaamka tena kama mlevi aliyemwagiwa maji. Kesho unalala, kesho kutwa hauamki. Mmoja, kisha jirani yake, kisha mstari mzima.

Drusilla akafanya alivyoshauriwa na kila mtu: pumzisha shamba, usipande nyanya. Akalipumzisha. Akapanda rinagu.

Hapa asiye wa huku inabidi aelezwe. Mgusii anaweza kukosa nyama, akakosa hata chai anayoichuma mwenyewe, lakini rinagu, mnavu wa watu wa pwani, ile mboga chungu ya majani ya kijani kibichi, hiyo haikosekani. Na kwa Msabato kama Drusilla, rinagu ni ratiba ya wiki. Sabato hakupikwi. Kwa hiyo Alhamisi inachemshwa na kutiwa maziwa; Ijumaa inarudishwa motoni na kuongezwa maziwa; Jumamosi watu wakitoka kanisani inapashwa tu, uchungu umelainika, na hata mahubiri yaliyozidi kipimo yanasameheka. Nyumba isiyo na rinagu Jumamosi ni nyumba yenye msiba au uvivu. Basi kipande cha bondeni kilipoambiwa kipumzike, ni nini cha kukipumzishia kuliko mboga hiyo ya nyumbani, isiyosumbua mtu?

Rinagu ikastawi, ingawa mche mmoja mmoja ulilegea, na Drusilla akalilaumu jua. Baada ya mapumziko hayo akamwita Sylvanus bondeni, akachota udongo kiganjani, akaunusa mbele yake na mbele ya wapita njia.

"Udongo huu ni mzima," akatangaza. "Pua yangu imesema."

"Mimi pua yako haijanisemesha," akajibu Sylvanus. "Lakini sawa, panda."

Akapanda, rinagu akaibakiza pembeni mwa mistari. Nyanya zikalala zile zile, kwa mtindo ule ule.

Sylvanus alipokuja tena hakuja kwa hasira, jambo ambalo ni baya zaidi. Alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye ukingo wa kijito, akavua kofia.

"Shemeji, mimi si mtu mbaya."

"Kuna aliyesema?"

"Hakuna. Najitetea mapema. Sikiliza, shamba limekataa. Miti haikatai. Msimu huu ukipita bila kitu cha kupeleka sokoni kutoka hapa, napanda mikaratusi."

"Na hiki kijito kitabaki na nini?"

"Kijito hakina kura katika familia hii."

Jumamosi iliyofuata, Valentine alikuja kula. Valentine ni binti wa kaka yake Drusilla wa Sironga, na anasomea shahada ya pili ya mambo ya vijidudu katika chuo kimoja hapo Kisii. Kwa ukoo mzima hii ina maana moja: ukiharisha, mpigie Valentine. Alikula rinagu sahani mbili, akasikia kisa cha nyanya, akasimama papo hapo atelemke bondeni.

"Keti," akasema shangazi yake. "Leo ni Sabato. Shamba haliguswi, hata kwa macho."

Jumapili asubuhi wakatelemka. Valentine akakata kipande cha shina la mche uliolegea, akaomba bilauri ya maji safi, akakitumbukiza ncha chini huku amekishika kwa vidole. Drusilla akasimama na mikono kiunoni, akingoja uchawi wa chuo.

Mara ya kwanza hapakuwa na kitu. Kisha kutoka kwenye jeraha la shina kukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba, wa maziwa, kisha uzi wa pili, wa tatu, zikinyooka polepole kuelekea chini kama moshi uliokosea njia.

"Ni nini hiyo?" Drusilla akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kitu hicho kingeweza kusikia.

"Bakteria, anti. Mamilioni. Wamejaza mishipa ya mche, maji hayapandi tena. Nyanya yako inakufa kiu huku imesimama kwenye maji."

Drusilla akaichukua bilauri, akaiinamia, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akafumba macho, akavuta kwa utulivu wa mtu anayesali.

"Sisikii harufu yoyote," akasema.

Neno hilo halikuwahi kusikika Mosocho likitoka katika kinywa hicho. Valentine, ambaye ana adabu kuliko ndugu zake, alitazama kando.

Akang'oa mche wa nyanya na mizizi yake, akang'oa na rinagu, akafunga kila kimoja peke yake. "Nipe siku chache," akasema, "kisha uje maabara. Nataka uone kwa macho yako, kwa sababu nikikuambia tu utanibishia."

"Nitakubishia hata nikiona," akajibu Drusilla. Lakini siku ilipofika alivaa nguo ya kanisani.

Maabara ilinukia spiriti, sabuni, na dirisha lisilofunguliwa. Hayo aliyataja mlangoni, ili ijulikane kwamba pua bado ipo. Valentine akamvalisha koti jeupe, akamketisha mbele ya hadubini.

"Weka jicho hapa. Usishike kitu, anti."

"Nishike nini? Kila kitu humu kina sura ya kuvunjika."

Kwanza aliona kope zake mwenyewe, akadhani ndizo bakteria, akapiga kelele kidogo. Kisha mwanga ukatulia, na akaona. Vidoa vidogo, vingi kuliko watu wa soko, vikikimbia huku na huku, kimoja kinakwenda moja kwa moja, kinasita, kinajipindua, kinashika upande mwingine, kama watu waliokumbwa na mvua bila kukubaliana wakimbilie wapi.

"Hao wametoka kwenye nyanya yako," akasema Valentine. "Sasa naingiza mrija mwembamba wa kioo. Ndani yake mna maji matupu."

Vidoa vikaupita mdomo wa mrija kama watu wanavyopita duka lililofungwa.

"Huu wa pili una maji yaliyolowekwa mizizi ya nyanya iliyo nzima."

Drusilla akatazama. Mwanzoni hakuona tofauti. Kisha kidoa kimoja kilichokuwa kinapita kikaongeza mwendo bila kujipindua. Kingine kikafuata. Kisha wakaja kutoka kila upande, wakageuka, wakakosea, wakarudi, wakapata, mpaka mdomoni mwa mrija pakawa na wingu linalochemka, na wingu likaanza kuingia ndani. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyewaonyesha.

"Wamejuaje?" Drusilla hakuondoa jicho.

"Wamenusa."

"Na pua iko wapi?"

"Hawana pua. Hawana hata kichwa cha kuiwekea."

Valentine akabadilisha kioo, akaweka mrija wa tatu bila kusema kitu. Wingu likajikusanya vile vile, kwa pupa ile ile.

"Hiyo nayo ni nyanya?"

"Hapana, anti. Hiyo ni rinagu yako."

Drusilla akarudisha jicho kwenye hadubini, akaliangalia lile wingu tena. Kisha akainua uso, jicho moja likiwa na alama ya duara ya hadubini, akaonekana kama aliyepigwa ngumi na mtu mwenye vipimo.

"Nyanya na rinagu ni ndugu," Valentine akaeleza. "Ukoo mmoja. Na viazi pia. Mizizi yao inatoa kitu kama jasho, na jasho lao linafanana. Mdudu huyu anaishi udongoni akilinusa."

"Kwa hiyo nilipodhani shamba limelala..."

"Halikulala. Ulikuwa unawapikia."

"Na kuwamwagilia maji," Drusilla akasema. "Na nikaunusa udongo mbele ya Sylvanus nikasema ni mzima, na wao wamo mle mle wananusa mizizi ya mboga yangu. Tulikuwa tunanusa pamoja! Wao ndio waliopata."

Walitoka nje wakaketi kwenye benchi, Valentine akanunua chai na mandazi. Drusilla hakuigusa chai. Alitaka kujua hiyo pua isiyo pua imetengenezwaje, na hakutaka kuambiwa "ni sayansi", kwa sababu "ni sayansi" ni jibu la watu wanaotaka uondoke.

Valentine akafikiri. "Unaikumbuka ekee ya shosho?"

Nani haikumbuki? Ekee ni kile kikapu kidogo kilichofumwa kwa mkono, cha kupakulia ugali wa wimbi. Mama yake Drusilla alikuwa nacho kimoja Sironga, na watoto hawakuruhusiwa kukikaribia.

"Mwilini mwa huyu mdudu," akasema Valentine, "kwenye ngozi yake, kuna vitu kama ekee ndogo mno. Mdomo wa ekee unatazama nje. Kila mdomo umefumwa kwa umbo la kitu kimoja. Kitu hicho kikipita kinaingia kikakaa, na kitako cha ekee, kilicho ndani ya mwili, kinajua. Kinapeleka habari kwenye mkia: endelea, au geuka. Hiyo ekee inaitwa kipokezi, na mfumo wa kuifuma umeandikwa kwenye jeni, mtoto anaurithi kwa mzazi."

"Na ana ekee ngapi?"

"Kuna ndugu yake mmoja wa mbali anayeishi tumboni mwa mtu, ana aina tano tu. Huyu wa nyanya yako ana zaidi ya ishirini."

"Kwa nini wa tumboni ana chache?"

"Analetewa chakula."

"Kama Sylvanus."

"Mimi sijasema hivyo, anti."

"Nimesema mimi. Endelea. Hizo zingine alizitoa wapi? Alizaliwa nazo zote?"

Hapo Valentine akaacha andazi. Ilionekana kwamba hilo ndilo swali alilokuwa analisomea. Akasema zamani, zamani ambayo haina watu, haina ndizi, haina hata majani ya kuliwa na ng'ombe, huenda mdudu wa kale alikuwa na ekee chache tu. Sasa mdudu anapojigawa ili azae, ananakili mifumo yake yote, na anayenakili hukosea. Kosa moja ni hili: mfumo mmoja unanakiliwa mara mbili. Mtoto anazaliwa na mifumo miwili ya ekee ile ile.

"Faida yake nini? Mbili zinazofanana?"

"Niambie wewe. Shosho alikuwa na ekee moja. Ungethubutu kuichezea?"

"Angeniua."

"Na angekuwa nazo mbili?"

 Drusilla aliona jiko la Sironga, aliona kikapu kimoja kimening'inizwa juu na kingine kikiwa mikononi mwa mtoto anayekivuta, anakipinda, anakitanua mdomo. "Ile ya pili ningeachiwa," akasema polepole. "Hata nikiiharibu, ugali una mahali pa kukaa."

"Basi ndivyo hivyo. Ekee moja inabaki na kazi yake. Ya pili iko huru kuharibika. Vizazi na vizazi inapindwa na makosa madogo madogo, na mara nyingi inaharibika kweli, inatupwa. Lakini siku moja mdomo uliopinda unakamata kitu kingine, tuseme uchachu fulani kwenye jasho la mzizi. Mdudu mwenye mdomo huo anafika kwenye chakula kabla ya wenzake. Anazaa kuliko wao. Kesho na yeye ananakili mara mbili. Na wakati mwingine hafumi kabisa, anapewa mfumo na jirani, kama wanawake wanavyopeana mbegu juu ya ua."

"Na kitako?"

"Kitako ndicho kinachonishangaza mimi," Valentine akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Midomo inabadilika kila siku. Kitako hakibadiliki. Ukichukua wadudu wasioonana tangu dunia haijawa na miti, midomo yao haifanani hata kidogo, lakini vitako utadhani vimefumwa na mkono mmoja."

Drusilla akaitazama barabara. Watu walikuwa wanapita na mifuko, pikipiki zinapiga honi, mvua ya jana imeacha tope ukingoni. Alitazama lile tope. Kwa mara ya kwanza maishani alitazama tope kama mtu anavyotazama mji kutoka mlimani.

"Na wanajuaje upande?" akauliza. "Mimi nikitafuta harufu sokoni nageuza kichwa. Wao hawana kichwa."

"Ni wadogo mno, harufu ya mbele yao na ya nyuma yao ni ileile. Kwa hiyo wanaogelea kidogo, kisha wanalinganisha: sasa imezidi, au imepungua kuliko pale nilipotoka? Ikizidi wanaendelea. Ikipungua wanajipindua na kujaribu upande wowote."

"Ili ulinganishe lazima ukumbuke."

"Wanakumbuka. Kwa sekunde moja mbili hivi, lakini wanakumbuka."

"Bila akili?"

"Bila akili, anti."

Drusilla alishika shavu. Ndivyo hasa alivyofanya yeye siku zote, na hakuwahi kumwambia mtu: anatembea hatua chache, anasimama, anauliza pua yake kama ni zaidi au ni pungufu, kisha anaendelea au anageuka. Alidhani ni siri ya Sironga. Kumbe kilikuwapo kitu kisichoonekana, kisicho na uso wala jina nyumbani kwao, kilichokuwa kinafanya hivyo hivyo tangu kabla ya pua ya kwanza kuumbwa, na kilikuwa kinafanya hivyo chini ya nyayo zake siku zote alizosimama bondeni akijisifu.

"Na mimi nilipanda juu ya kreti," akasema, akaanza kucheka, kicheko kilichomtoa machozi. Kisha akatulia. "Hiyo kazi yote ya kufuma, Valentine. Nani alikuwa anaangalia?"

Valentine, ambaye naye amelelewa kwenye viti vya mbele vya kanisa, akajibu, "Hilo, anti, halionekani kwenye hadubini."

Drusilla aliliridhia jibu hilo, kwa kuwa lilikuwa na adabu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na haraka tena ya kujibu mambo.

Swali lililobaki ni shamba. Valentine hakumdanganya. Dawa ya kuwamaliza udongoni hakuna. Nyanya zisahauliwe kwa miaka kadhaa, viazi visahauliwe, rinagu isahauliwe, na magugu yote ya ukoo huo yang'olewe, hata yanayojiotea kando ya kijito. Kipandwe kitu cha ukoo mwingine, ambacho jasho lake haliwahusu.

"Kitakachozaa kabla Sylvanus hajaleta miche?"

"Chinsaga," akasema Valentine. "Sijaijaribu kwenye mrija, lakini si ndugu yao kabisa."

Chinsaga, mgagani wa wenzetu, ni mboga ya Wagusii pia, ina haraka kama mtu aliyeitwa chai. Drusilla alirudi Mosocho akang'oa nyanya zilizobaki na rinagu yote ya bondeni, mche kwa mche, pamoja na mizizi, akavichoma. Jirani mmoja akasimama njiani, ameshika kichwa.

"Mama Pua, unachoma rinagu? Umepata wazimu?"

"Nimepata shule," akasema Drusilla. "Pua yangu ilishindwa. Waambie na wengine."

Nao waliambiwa, kwa kuwa Mosocho haihitaji kuombwa mara mbili. Jembe la bondeni akalitenga, asilipeleke shamba lingine na udongo wake. Akapanda chinsaga, akaing'olea magugu kwa ukali wa askari wa mpakani: kila kijani chenye sura ya rinagu kilitoka. Na asubuhi nyingine, kabla ya kuanza kazi, alisimama tu. Alijaribu kuwawazia walioko chini, wanaogelea kwenye vijishimo vya maji kati ya chembe na chembe, ekee zao zote ishirini na ushee zimefunguliwa midomo, wanalinganisha sasa na punde, zaidi au pungufu, wanageuka, wanatafuta jasho ambalo halipo. Hakuwachukia. Aliwalima kwa heshima.

Sylvanus alifika msimu ulipokuwa unaishia, na kamba ya kupimia mashimo begani. Akaikuta chinsaga imemfika magotini, maua meupe yameanza kuchungulia hapa na pale, na wanawake wawili wa soko wameinama wakichuma na kufunga mafungu.

"Shemeji, mimi nilisema zao," akasema. "Hii ni mboga."

"Ulisema kitu cha kupeleka sokoni. Waulize hawa wanakwenda wapi."

"Tunakwenda sokoni, baba," akajibu mmoja wao bila kuinua kichwa.

Sylvanus akaingia kati ya mistari, akaikagua, akatafuta mche uliolegea. Hakuna. Akatafuta tena, kwa moyo zaidi.

"Na ule ugonjwa umeisha?"

"Haujaisha. Upo hapo hapo uliposimama. Unakunusa."

Sylvanus akainua mguu mmoja. "Unaninusa mimi? Unataka nini kwangu?"

"Hautaki kitu. Unatafuta ndugu za nyanya, wewe huna undugu nao. Shusha mguu, shemeji." Kisha akamweleza. Akamweleza mdomo na kitako, kosa linalozaa pua, mdudu anayekumbuka bila akili. Alieleza vibaya, akirukaruka, mikono imejaa udongo, lakini kitu fulani katika sauti yake kiliwafanya wale wanawake waache kuchuma. Sylvanus alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anaitazama ardhi aliyozaliwa juu yake kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba asichowahi kukiingia.

"Tangu lini wapo?" akauliza.

"Tangu kabla ya sisi wote."

Akafikiria kidogo. Kisha akaikunja kamba, akaitia mfukoni, akasema mikaratusi inaweza kwenda kule juu kwenye mawe. Msimu ujao ni wa Drusilla, na unaofuata pia, maadamu kinatoa.

Wale wanawake wakamaliza kufunga, wakajitwika, wakapanda mlima kuelekea sokoni. Fungu la chinsaga Mosocho ni shilingi ishirini.